Ikulu unayoweza kuingia ndani: Kanombe ya Kigali au majumba ya Addis Ababa?

Mtu aliyekulia Dar es Salaam anaijua Ikulu kama mahali pa kupita. Umetoka Feri na kifurushi chako cha changu, unakata Magogoni, unaona ukuta mweupe na miti mikubwa, ukibahatika unasikia tausi akilia huko ndani, na simu yako inabaki mfukoni bila kuambiwa na mtu. Nairobi ni yale yale. Ya Chamwino, iliyozinduliwa Mei 2023, wengi wetu tunaifahamu kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kwa hiyo nikisikia kuna mji ambako unakata tiketi na kuingia hadi chumba alichokuwa akilala mkuu wa nchi, naanza kuhesabu siku za likizo. Karibu na kwetu miji ya namna hiyo ninayoizungumzia ni miwili, Kigali na Addis Ababa. Wenzangu huniuliza waanzie wapi, hasa wenye siku mbili tatu tu, au wanaopita Addis kubadilisha ndege. Nina upande wangu na sitauficha: kwa mtu mzima anayesafiri peke yake au na mwenzi wake, naanza na Kanombe. Kwa familia yenye watoto, Addis. Na ndani ya Addis yenyewe, jumba linalotangazwa zaidi silo ninalolipenda zaidi.

Kanombe: nyumba ya mtu asiyelala vizuri

Nyumba ya Juvénal Habyarimana, rais wa zamani wa Rwanda, iko Kanombe, mashariki mwa Kigali, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Ukitoka katikati ya mji unapanda moto, ndivyo Wanyarwanda wanavyoiita bodaboda, unavishwa helmeti na safari imeanza. Jina la sasa ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda, tangu 2018. Dereva akikuna kichwa kwa jina hilo, mwambie ikulu ya zamani, kwa Habyarimana.

Usitegemee kasri. Kwa nje ni nyumba kubwa ya mtu mwenye hela wa miaka ya 70, na hapo ndipo inapokuwa na nguvu: unaingia sebuleni kwa mtu. Habyarimana alitwaa madaraka kwa mapinduzi Julai 1973, na mtu aliyempindua mwenzake anajua jinsi mlango unavyofunguliwa usiku. Waongozaji watakuonyesha ngazi na kukusimulia kwamba zilitegwa vitambuzi, mtu akikanyaga usiku mwenye nyumba anajua. Watakuonyesha vyumba vya siri nyuma ya kuta, mahali pa kufichia silaha, kanisa dogo la familia, na chumba cha disko. Ndiyo, disko, chini ya dari moja na kanisa. Na watakupeleka nje kwenye bwawa ambamo, kwa masimulizi yao, alifugwa chatu. Habari ya chatu utaisikia kwa namna tofauti kulingana na aliyekushika siku hiyo, nami sikuona haja ya kubishana. Kwenye nyumba ya aina hii, uvumi nao ni sehemu ya samani.

Samani zenyewe ni chache. Siku hizi kuta zimejaa picha za wachoraji, nyingine nzuri kweli, na hapa nina lalamiko dogo: sanaa imewekwa juu ya nyumba bila nyumba kuulizwa. Unasimama mbele ya turubai la rangi kali huku akili yako inataka kujua hiki kilikuwa chumba cha nani. Mwambie mwongozaji tangu mlangoni kwamba wewe umekuja kwa ajili ya nyumba, picha utazitazama ukirudi. Atakuelewa, si wewe wa kwanza.

Halafu kuna bustani, na ukuta, na kilicho ng'ambo ya ukuta.

Tarehe 6 Aprili 1994 usiku, ndege ya Habyarimana, Falcon 50 aliyopewa na Ufaransa, ilikuwa inatua ikitokea Dar es Salaam, ambako marais wa kanda walikuwa wamekutana chini ya Mzee Mwinyi. Ikapigwa makombora. Sehemu ya mabaki ikaangukia nyumbani kwake mwenyewe. Ndani walikuwamo watu 12, na mmoja wao alikuwa Cyprien Ntaryamira, rais wa Burundi, aliyekaa madarakani miezi miwili tu. Hakuna aliyepona. Usiku huohuo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na siku 100 zilizofuata kila msomaji wa lugha hii anazijua, au ana jirani anayezijua.

Vipande bado vipo kwenye nyasi. Bati lililokunjamana, chuma kilichopauka kwa jua na mvua. Hakuna kioo mbele yake wala taa za kumulika. Kwenye kikundi chetu alikuwamo mzee kutoka Bujumbura ambaye njia nzima alikuwa mcheshi, akimtania mwongozaji kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi. Pale ukutani akavua kofia. Akasema, "Na wetu sisi alikuwa humo." Kisha akaivaa, akatangulia kurudi ndani. Nami nikawa nawaza kwamba ndege ile iliruka kwetu, kutoka uwanja uleule ninaopitia kila mwaka.

Nani alirusha makombora yale? Majaji wa Ufaransa walilishika jalada kwa miaka, wakalifunga Desemba 2018 bila mtu kupandishwa kizimbani. Ushauri wangu: usiende Kanombe kumhoji mwongozaji juu ya hilo. Kwako ni swali la historia. Yeye huenda ana kaburi la kuhudumia.

Kwa ziara nzima tenga saa moja na nusu, mbili ukipenda uchoraji.

Unity Park: kiti cha enzi kilichopigwa rangi mpya

Addis ni habari nyingine kabisa, na kwanza ni habari ya ukubwa. Unity Park, yaani Bustani ya Umoja, ni hekta 40 ndani ya ngome ya kifalme aliyoianzisha Menelik II mwishoni mwa karne ya 19, mji wenyewe ukiwa ndiyo kwanza unapewa jina la Ua Jipya, maana ndilo tafsiri ya Addis Ababa. Ilifunguliwa kwa umma Oktoba 2019. Ofisi ya Waziri Mkuu bado iko kwenye eneo hilohilo, kwa hiyo ukaguzi getini si wa mchezo: njoo na pasi yako, acha begi kubwa hotelini, na usishangae askari wakikuelekeza njia ya kupita na ya kutopita.

Kuna ukumbi wa karamu wa Menelik, mkubwa hadi unaelewa kwamba kulisha watu ilikuwa namna ya kutawala. Kuna makazi yake, na kijumba chenye paa la duara kama yai alichokitumia kusali na kuutazama mji. Kuna ukumbi wa kiti cha enzi cha Haile Selassie, ambamo mfalme mwenyewe amewekwa kwa umbo la nta, kakaa. Watoto huganda hapo wakisubiri apepese macho. Nje kuna bustani za maua, mabanda ya majimbo ya nchi, na simba wa Kihabeshi wenye manyoya meusi shingoni. Mabanda yalijengwa tisa kwa sababu majimbo yalikuwa tisa. Leo Ethiopia ina majimbo 12, na hilo pekee linakufundisha siasa ya nchi kuliko kibao chochote cha maelezo.

Sasa tuseme ukweli. Kila kitu kimesuguliwa kikang'aa. Chini ya ukumbi wa kiti cha enzi kuna vyumba ambavyo Derg, ile serikali ya wanajeshi, ilivigeuza jela baada ya kumwondoa mfalme mwaka 1974. Mawaziri na majenerali waliowahi kupiga magoti ghorofani walifungiwa chini yake, na usiku wa Novemba 23 mwaka huo watu 60 wakapigwa risasi. Mfalme naye aliwekwa kizuizini humuhumu ndani ya ngome, akafa Agosti 1975, na mifupa yake ikaja kufukuliwa ndani ya uzio mwaka 1992. Vyumba vya jela unavipitia, lakini unavipitia katikati ya nyasi zilizokatwa na familia zinazopiga picha za harusi ya shangazi, na ukitoka ni simba. Waliopanga bustani walitaka mtu atoke na matumaini, na kwa kweli unatoka nayo, mimi pia nilitoka nayo. Ila kama umekwenda kuuliza madaraka yanafanya nini kwa watu, itakubidi uje na historia yako kichwani.

Kwa watoto hakuna mshindani. Mtoto wa miaka minane ukimpeleka Kanombe utakuwa unamweleza mabaki ya ndege njia nzima ya kurudi, na mengine hutaki kuyaeleza bado. Hapa atakimbia, ataona simba na mfalme wa nta, atakula aiskrimu. Uchovu wa miguu uhesabu: Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani tunapanda kijilima tunasimama kuvuta pumzi kama tumetoka mbio. Nilimwona mama mmoja wa Tanga kakaa kwenye benchi, kavua viatu, anawaambia wanawe, "Nendeni mkaone, mje mnihadithie."

Sidist Kilo: lile ninalolipenda

Kama una saa nne tu Addis kati ya ndege na ndege, usiende Unity Park. Foleni ya ukaguzi peke yake itakula muda. Nenda Chuo Kikuu cha Addis Ababa, kampasi kuu ya Sidist Kilo, kwenye jumba la Guenete Leul. Lilikuwa la Haile Selassie kabla hajalitoa kuwa chuo mwaka 1961, na leo ghorofani ni makumbusho ya mila na tamaduni za Ethiopia.

Chumba chake cha kulala kipo, na bafu lake, na kwenye kioo chake kuna tundu la risasi. Hilo ni la Desemba 1960, mfalme akiwa safarini Brazil na wakuu wa walinzi wake wakajaribu kumpindua; walioshikwa mateka wakauawa humo humo jumbani. Aliporudi akalitoa jumba. Watu wanasema ni ukarimu. Mimi nikiutazama ule kioo naona mtu asiyetaka tena kujinyolea mbele yake.

Nje mbele ya jumba kuna ngazi ya zege inayojizungusha kwenda juu, haifiki popote. Waitalia waliijenga walipoikalia nchi: kila kidato ni mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini, kuanzia 1922. Walipofukuzwa, Waethiopia hawakuibomoa. Wakapandisha juu yake simba wa Yuda, akakaa kwenye kidato cha mwisho. Nimeona minara mingi ya uhuru katika bara hili, sijaona jibu la kejeli kama lile. Hapo hapo uwanjani ndipo Graziani, gavana wa Kiitalia, alipotupiwa mabomu ya mkono Februari 19, 1937, na kisasi chake kikaua maelfu ya raia. Mnara wao uko kwenye mzunguko wa barabara, nje ya geti la chuo. Ukishuka na barabara hiyo kwa miguu unafika Makumbusho ya Taifa, aliko Lucy, yale mabaki maarufu ya mifupa ya binadamu wa kale. Mambo yote hayo unayamaliza asubuhi moja, na kiingilio ni kidogo ukilinganisha na cha Unity Park.

Kasoro? Taa hafifu, maelezo mafupi, sakafu inayolia. Na si ikulu ya rais, ni ya mfalme, kama hilo lina uzito kwako.

Ya rais kwa maana kamili ni ile ya tatu, Jumba la Taifa, lililojengwa 1955 kwa jubilei ya miaka 25 ya kutawazwa kwa mfalme, likaja kuwa makao ya marais. Limekarabatiwa na kufunguliwa kama makumbusho mwishoni mwa 2024, pamoja na magari ya kifalme. Ukisimama mbele ya magari yale kumbuka kwamba Septemba 12, 1974 mfalme alitolewa mlango wa jumba hilihili akapandishwa Volkswagen ndogo, ile tunayoiita kobe. Ukiwa na siku mbili, liongeze. Ukiwa na moja, hapana.

Mambo ya mfukoni na ya saa

Kwa mtu wa Afrika Mashariki Kigali ni rahisi kwa kila hali. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mrundi anaingia bila viza, na kiingilio uliza bei ya raia wa Jumuiya, kitambulisho mkononi. Kutoka Kagera au kusini magharibi mwa Uganda unafika kwa basi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ingawa mwongozaji kijana atakuanzishia Kiingereza au Kifaransa, mwombe Kiswahili. Akitokea aliyekulia Tanzania, Uganda au Kongo, ziara inageuka mazungumzo. Picha za nje piga, za ndani uliza kwanza.

Ethiopia, Mkenya haombi viza, Mtanzania amalize hilo kabla hajapanda ndege. Unity Park mgeni analipa mara kadhaa ya anacholipa mwenyeji, na familia ya watu watano itaiona hesabu hiyo. Kiswahili kisahau mlangoni.

Isipokuwa kwenye saa. Mzungu akifika Addis anapotea wiki nzima kwa sababu Waethiopia wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Wewe huna shida hiyo. Mwethiopia akikuambia uje saa tatu, ni saa tatu yako ya asubuhi, ile ya nyumbani. Ila mkubaliane kabla, maana akishaona wewe ni mgeni anaweza kukubadilishia kwa heshima akataja saa ya Kizungu, nawe kwa heshima ukaibadili tena. Mimi nilikosa gari hivyo, dereva na mimi wote tukiwa na adabu kupita kiasi.

Tarehe za kuangalia ni za Kigali zaidi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni Umuganda, nchi nzima iko kwenye kazi za jamii, usafiri hakuna hadi karibu na adhuhuri. Aprili 7 makumbusho yanafungwa, na wiki inayofuata mji umeinama. Wengine hupanga safari iangukie siku hizo makusudi ili waombolezee pamoja na wenyeji. Kama lengo lako ni kutembea na kupiga picha, chagua mwezi mwingine. Addis, mvua kubwa ni Juni hadi Septemba, na bustani ya hekta 40 kwenye mvua ile ni matope na baridi.

Mpangilio nao una maana, kwa wale watakaounganisha miji yote miwili. Anza Addis. Mimi nilifanya kinyume, nikatoka Kanombe Jumatano, Ijumaa nikawa mbele ya mfalme wa nta na watu wanapanga foleni ya picha. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimewapisha watu wanne, nikichungulia pembeni kuona ngazi ziko wapi, na kama nazo zingelia mtu akizikanyaga usiku.